Kabla ya ada, hesabu saa za usingizi wa mtoto

Saa 10:30 alfajiri, Mbezi bado ni giza. Mama mmoja anamnyanyua binti yake wa miaka saba kutoka kitandani na kumvalisha sare akiwa bado amefumba macho. Chai ya maziwa anamtilia kwenye chupa ili akanywe njiani. Saa 11:10 basi la shule linapiga honi barabarani. Mtoto anapanda, anaegemea dirisha na kulala tena.

Atashuka mahali hapohapo saa 11:30 jioni.

Shule anayosoma haina ubaya. Ni shule ya kanisa yenye nidhamu, walimu wanafuatilia, na kila siku inaanza kwa sala. Ndiyo maana wazazi wake, Waluteri wenye asili ya Machame, waliichagua ingawa iko upande wa pili wa jiji. Baba ni fundi umeme, mama anauza kwenye duka la dawa. Ada wanailipa kwa awamu, na kila awamu huwatoa jasho.

Mwaka jana ilifika zamu ya mdogo wake. Januari angekuwa ametimiza miaka mitano na alitakiwa kuanza darasa la awali. Wazazi walidhani ni suala la dakika tano: atakwenda alikokwenda dada yake. Uamuzi ule ukachukua miezi miwili.

Mvutano wa sebuleni

Aliyeanza kusita ni mama. Kwenye ripoti ya muhula, mwalimu wa binti yake alikuwa ameandika kwamba mtoto ni mwelewa lakini anasinzia darasani, hasa baada ya chakula cha mchana. Nyumbani nako alikuwa amebadilika. Jambo dogo linamliza, anagombana na mdogo wake, na jioni akirudi anarukaruka kama asiyechoka.

“Na huyu mdogo naye nimwamshe saa kumi na nusu?” mama aliuliza.

Baba alikuwa na hoja yake, na haikuwa ya kupuuzwa. Yeye mwenyewe alisomeshwa kwenye shule ya kanisa tangu darasa la kwanza. Aliyonayo leo, kuanzia kuimba kwaya hadi kutokunywa pombe, anaamini aliyapata huko. “Mama, sikatai kwamba ni mbali,” alisema. “Lakini tukiwapeleka shule ya serikali, nani atawafundisha watoto wetu kusali?”

Akaleta na wazo jingine alilopewa na mwenzake wa kazini: bweni. Binti alale shuleni Jumatatu hadi Ijumaa, adha ya basi iishe. Wazo hilo halikufika mbali. Tangu Machi 2023, Wizara ya Elimu ilisitisha huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba bweni linamtenga mtoto mdogo na familia wakati ambao anahitaji sana malezi ya wazazi wake.

Ikabaki shule ya msingi ya serikali ya mtaani kwao. Iko mwendo wa dakika kumi na mbili kwa miguu, na shule za msingi za serikali hazitozi ada. Hata hivyo, kuna jambo ambalo wote wawili hawakulisema kwa sauti mwanzoni. Jumapili baada ya ibada, wazazi wanapopiga soga nje ya kanisa, swali halikawii: “Wanao wanasoma wapi?” Kutaja ile shule ya kanisa kuliwapa heshima fulani. Kutaja shule ya mtaani kungehitaji maelezo.

Bibi na sala ya jioni

Oktoba mama yake baba alikuja kutoka Machame kutibiwa macho. Katika nyumba hiyo kuna sala ya familia kila jioni baada ya kula. Bibi aliona usiku wa kwanza mjukuu amelala kabla ya “Amina”. Usiku wa pili ikawa vilevile, na wa tatu pia. Baba yake alimbeba kumpeleka kitandani, mara nyingine bila kuoga.

Usiku wa nne bibi akauliza, “Mwanangu, huyu mtoto mnaongea naye saa ngapi?”

Baba hakuwa na jibu. Bibi akaendelea, “Mmempeleka mbali akajifunze kusali. Hapa nyumbani hana hata nguvu ya kusema Amina.”

Bibi huyo naye alisoma shule ya misheni. Ni moja ya shule nyingi za makanisa zilizotaifishwa baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969 na kuwa za serikali. Aliwaeleza kwamba wadogo zake walisoma kwenye majengo yaleyale baada ya kutaifishwa, na kusali hawakuacha, kwa sababu aliyekuwa akiwasalisha asubuhi na jioni ni mama yao.

Usingizi si anasa

Maneno ya bibi yanaungwa mkono na hesabu ambayo wazazi wengi hawaifanyi. Binti huyu alikuwa analala saa 3 usiku, baada ya kuoga, kula na kumaliza kazi za shule. Akiamshwa saa 10:30 alfajiri, amelala saa saba na nusu.

Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani, katika mapendekezo waliyoyatoa mwaka 2016, walisema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 katika kila saa 24. Wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilitaja saa hizohizo 10 hadi 13 kwa watoto wa miaka 3 na 4.

Kwa kiwango cha chini kabisa cha saa 9, binti huyu alikuwa anakosa saa moja na nusu kila usiku. Kwa siku tano za shule ni saa saba na nusu. Maana yake ni kwamba kila wiki alikuwa anapoteza usingizi wa usiku wake mmoja mzima.

Usingizi wa kwenye basi husaidia kidogo, lakini ni wa vipande vipande. Basi linasimama, mlango unafunguliwa, mtoto mwingine anapanda, honi inapigwa. Mwili haupati nafasi ya kuzama kwenye usingizi mzito. Na ni katika usingizi huo mzito ambapo mwili wa mtoto hutoa kwa wingi homoni ya ukuaji. Aliyojifunza mchana nayo ubongo huyapanga na kuyahifadhi wakati amelala.

Tatizo ni kwamba mtoto mwenye upungufu wa usingizi haonekani kila mara kama mtu mzima aliyechoka. Mtu mzima hupiga miayo na kunyamaza. Mtoto anaweza kuwa msumbufu, akalia ovyo, akashindwa kutulia au kusikiliza maelekezo. Mzazi anamwita mtundu, mwalimu anasema hazingatii, na pengine anachapwa kwa kosa ambalo dawa yake ni kitanda.

Kwa mdogo wake hesabu ilikuwa mbaya zaidi. Kama angeamshwa saa 10:30 alfajiri na anahitaji angalau saa 10, angepaswa awe amelala ifikapo saa 12:30 jioni. Basi lingemshusha saa 11:30. Ndani ya saa moja aoge, ale, asali, aongee na wazazi wake na alale. Na baba yake kwa kawaida hufika nyumbani saa 1 usiku.

Mama aliiandika hesabu hiyo nyuma ya risiti ya ada na kuiweka mezani. Baba aliisoma akakaa kimya.

Nani amepewa kazi hiyo?

Kwa familia ya Kikristo, swali la shule halimalizwi na usingizi peke yake. Hofu ya baba kuhusu imani ya wanawe ilikuwa ya kweli, na ilihitaji jibu lake.

Jibu moja limo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, ambayo wazazi wengi huisikia siku ya ubatizo. Agizo la kuwafundisha watoto pale linapewa wazazi, na linataja nyakati zenyewe: mkiwa mmeketi nyumbani, mkitembea njiani, mnapolala na mnapoamka. Mtoto anayeondoka kabla hajaamka vizuri na kurudi akiwa anasinzia ameshaondolewa karibu nyakati zote hizo.

Historia ya kanisa lao nayo ina funzo. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia viongozi wa miji ya Ujerumani akiwataka waanzishe shule na kuzitunza. Hakuwa mtu wa kudharau shule. Lakini miaka mitano baadaye, mwaka 1529, alipotoa Katekisimu Ndogo ambayo Waluteri husoma hadi leo kwenye darasa la kipaimara, sehemu zake aliziandikia mkuu wa kaya, azifundishe nyumbani kwake kwa lugha nyepesi. Shule alizitaka, na kazi ya baba na mama aliiacha palepale.

Hilo haliziondolei shule za kanisa thamani yake. Zimelea vizazi na vizazi vya watoto katika nchi hii, wakiwemo wasio Wakristo, na familia inayoishi karibu na shule nzuri ya kanisa ina bahati. Kilicholeta shida katika nyumba hii ni kilomita zilizo kati ya kitanda cha mtoto na dawati lake.

Baba alikwenda kwa mwinjilisti wa mtaa wao kuomba ushauri. Mwinjilisti hakumchagulia shule. Alimweleza kwamba shule ya serikali ile ina kipindi cha dini kwenye ratiba, ambapo watoto hugawanyika kwa imani zao. Ila watoto wa Kikristo walikuwa wakikaa bila mwalimu, kwa sababu aliyekuwa akijitolea alihama. “Tunalalamika kwamba watoto hawafundishwi,” alisema, “na kipindi kipo, kinatusubiri sisi.”

Shule ya jirani nayo ina yake

Itakuwa si haki kuipamba shule ya mtaani. Wazazi hawa walikwenda kuitembelea siku ya kazi, wakakaa nusu saa nje ya dirisha la darasa la pili. Watoto walizidi themanini. Mwalimu alikuwa mahiri na mwenye sauti, lakini hakuna binadamu anayeweza kusahihisha madaftari themanini kila siku na kumwelekeza kila mtoto.

Uji wa saa nne unapatikana kama wazazi wamechanga. Michango ikichelewa, sufuria haipandi jikoni. Vyoo vilikuwa visafi siku hiyo, lakini maji hutoka kwa mgao.

Halafu kuna lugha. Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari masomo mengi yanakuja kwa Kiingereza. Baba aliogopa binti yake atapoteza Kiingereza alichokwisha kukipata. Ni hofu ya msingi. Upande wa pili, wataalamu walioandika ripoti ya UNESCO ya mwaka 1953 walishauri mtoto aanze kufundishwa kwa lugha yake ya mama, na shirika hilo limeendelea kuutetea msimamo huo. Mtoto anayejifunza kusoma kwa lugha anayoiota usiku hana mizigo miwili kwa wakati mmoja.

Tena kuna suala la nani anabaki na mtoto. Watoto wa awali na wa madarasa ya chini shuleni hapo hutoka mapema, na wazazi wote wawili wako kazini hadi jioni. Mtoto wa miaka mitano anayerudi kwenye nyumba isiyo na mtu mzima hayuko salama kuliko aliye kwenye basi. Mama alisema wazi kwamba kama hakuna wa kuwapokea watoto, mjadala umekwisha, wabaki na shule ya mbali.

Walichoamua

Bibi ndiye aliyefungua njia. Alikubali kubaki Dar es Salaam hadi Juni, na wazazi wakatumia miezi hiyo kumtafuta dada wa kuaminika, wakamleta mapema ili azoeane na watoto bibi akiwa bado yupo. Novemba walimwandikisha mdogo darasa la awali wakiwa na cheti chake cha kuzaliwa, na kumwombea binti uhamisho aanze darasa la pili shule ya jirani.

Fedha ya ada hawakuila yote. Sehemu ilinunua vitabu vya hadithi vya Kiswahili na Kiingereza, nyingine ikaenda kwenye uji, na iliyobaki ni mshahara wa dada. Baba anamsomea binti yake kitabu cha Kiingereza usiku mara tatu kwa wiki, yeye mwenyewe akikwama kwenye maneno fulani na wote wawili wakicheka. Mama anakagua madaftari kila siku kwa sababu anajua mwalimu hawezi. Kijana mmoja wa shule ya Jumapili amechukua kipindi cha dini kila Jumatano.

Watoto sasa wanalala saa 2 usiku na kuamka saa 12 asubuhi. Hizo ni saa kumi. Mama anasema mabadiliko ya kwanza aliyoyaona kwa binti yake ni kwamba anaamka mwenyewe, na asubuhi anaongea. Kulia kumepungua. Sala ya jioni imesogezwa ikawa saa 1:15 usiku, na baba akichelewa kazini hawamsubiri.

Si kila kitu kimekwenda sawa. Binti amewakosa rafiki zake, na wiki mbili za kwanza alikataa kula uji wa shule. Kiingereza chake kimeanza kushuka, baba yake analiona hilo na linamuuma. Jumapili swali bado linaulizwa, na mara ya kwanza mama alijibu akiangalia chini.

Kabla hujalipa ada

Mzazi unayepanga shule ya mwanao mdogo, hesabu hii haihitaji mtaalamu. Chukua kalamu.

Kwanza, andika saa ambayo mtoto ataamshwa, kisha rudi nyuma saa 10 kwa aliye chini ya miaka sita, au saa 9 kwa aliyefikisha sita na kuendelea. Hapo ndipo anapaswa kuwa amelala, na hicho ni kiwango cha chini. Je, jioni ya nyumba yenu inawezekana kwa saa hiyo?

Pili, hesabu saa ambazo mtoto yuko macho na wewe uko nyumbani, Jumatatu hadi Ijumaa. Kama hazifiki moja kwa siku, jiulize nani hasa anamlea.

Tatu, uliza basi linaanzia wapi. Mtoto anayechukuliwa wa kwanza na kushushwa wa mwisho anabeba mzigo wa njia nzima. Shule nyingi zinaweza kubadili mpangilio kama wazazi wataomba kwa pamoja. Uliza pia nani mtu mzima anayekaa na watoto ndani ya basi.

Nne, tembelea shule siku ya kazi, si siku ya mahafali. Angalia choo, jiko na idadi ya watoto darasani.

Tano, kama unataka shule imfundishe mwanao imani, uliza nani anafundisha, mara ngapi, na wewe nyumbani utaongeza nini.

Kama hamna uwezo wa kubadili shule, bado mnaweza kuokoa usingizi. Zimeni televisheni na simu saa moja kabla ya kulala. Chakula cha jioni kiive mapema, na sare na begi viandaliwe usiku. Ongea na mwalimu kuhusu wingi wa kazi za nyumbani. Na mtoto anayelala saa za kutosha lakini bado anasinzia mchana, au anayekoroma karibu kila usiku, mpeleke kwa daktari, kwani huenda tonsili au nyama za pua zinamzuia kupumua vizuri.

Familia ya Mbezi imekubaliana kukaa tena Desemba na kupima upya. Baba anasema Kiingereza kikizidi kushuka atatafuta mwalimu wa jioni, na mama amemwambia mwalimu huyo asipite saa 12. Huenda binti akifika darasa la tano watamrudisha shule ya kanisa, akiwa mkubwa wa kustahimili basi. Kwa sasa, ikifika saa 1:15 usiku, yeye ndiye anayeomba, mdogo wake anadakia, na “Amina” wanaisema wote wawili wakiwa macho.